Brauni za Mabibo Zilivyofika Mikindani

Msimu wa korosho ukishakolea, Mtwara hakuna wikiendi isiyo na shughuli. Mnada ukipita, mkulima ameshalipwa au ameambiwa atalipwa, na kwa watu wetu hayo mawili yana uzito sawa: turubai linakodiwa, spika zinafungwa, na mtu anayejua kuoka hana pa kujificha. Kwenye ukoo wetu mtu huyo ni mimi. Nina jiko langu hapa Chuno, naoka skonzi, hafkeki na keki za bethidei, na suala la mwanamume mzima kuoka keki wajomba zangu bado wanalijadili.

Sasa dada yangu, binti wa mama mdogo, akapata mchumba wa Mikindani. Mahari haijamaliza kupangwa, mimi nimeshatumiwa video. Mikono ya mwanamke, ina glavu nyeusi, imeshika kidude cha mviringo kinachong'aa mpaka taa ya jikoni inaonekana juu yake. Kisu kinashuka polepole. Ndani kuna brauni, ile keki nzito ya chokoleti, na katikati ya brauni kuna rojo jekundu la matunda ambalo linatoka kwa adabu, linafika kwenye sahani, linatulia. Hapo pa kutulia nilikuja kuparudia sana baadaye, kwa uchungu.

Ukafuata ujumbe wa sauti. "Kaka, nataka hizi 150 za kicheni pati. Na usiniletee ile chokoleti ya mafuta ya kupikia, nataka chokoleti yenyewe."

"Ndani nikuwekee tunda gani?"

"Lolote. Ila lisiwe embe, kila mtu anaweka embe. Na lisiwe tamu sana, mama mkwe ana sukari."

Nampenda dada yangu, lakini alikuwa anaagiza kitu cha nchi za baridi katika mwezi wa Novemba, Mtwara. Brauni asili yake ni Marekani. Kuna hoteli Chicago, Palmer House, inayojivunia kwamba ililetwa duniani na jiko lake mwaka 1893, wakati wa maonyesho makubwa ya dunia, kwa sababu akina mama wakubwa wa mjini walitaka kitafunwa cha kuweka kwenye boksi la chakula cha mchana, mtu ale bila kuchafuka mikono. Juu waliipaka jamu ya aprikoti. Bila kuchafuka mikono! Natamani wale akina mama wangekuwepo Mikindani siku ile, tuzungumze vizuri.

Kwanza chokoleti. Duka ninalonunulia mimi halikuwa nayo, kwa hiyo mama mdogo, ambaye yuko Dar es Salaam, akanunua vibao vizito vya kuokea, akavifunga kwenye boksi, akampa kondakta. Dar mpaka Mtwara ni zaidi ya kilomita 550, na boksi lilisafiri kwenye buti mchana kutwa. Chokoleti yenye siagi ya kakao huanza kulegea kabla hata haijafika nyuzi joto 34, ndiyo maana inayeyuka mdomoni. Buti la basi halina tofauti kubwa na mdomo. Mzigo ulipofika stendi, vibao vilikuwa vimeyeyuka, vimeungana, halafu kwa baridi ya usiku vikaganda upya kwa umbo la kitu kilichokuwa kimelalia boksi. Kilikuwa ndala. Ya mguu wa kulia. Nilisoma na saizi yake: 42.

"Bosi," kondakta akaniuliza, "huu mzigo wako ni lami?"

Nikamwambia ni chakula. Akanitazama kwa huruma, akanisaidia kuubeba.

Upande wa chini chokoleti ilikuwa imefanya utando mweupe. Hiyo haina madhara, ni siagi ya kakao iliyopanda juu, na chokoleti ya namna hiyo inarudi kwenye mng'ao wake ukiijulia. Unaiyeyusha mpaka nyuzi 45 hivi, unaishusha mpaka 27 au 28 huku unakoroga, kisha unaipandisha kidogo tu, 31 au 32, na hapo ndipo inakuwa tayari kuchovyea. Nilifundishwa hayo jikoni kwenye hoteli moja ya Dar, kwenye chumba chenye kiyoyozi, na mpishi aliyevaa sweta.

Nikaingiza kipimajoto jikoni kwangu, mchana, kabla sijawasha chochote. Kikasoma 32.

Maana yake ni kwamba joto ambalo mafundi wa chokoleti wa Ubelgiji wanalitafuta kwa ustadi, mimi nilikuwa nalo bure sebuleni, uani na chini ya kitanda. Ubaya wake, chokoleti ikishafika hapo inatakiwa ishuke ili igande. Kwetu ishukie wapi? Jokofu ninalo, la kukopa, na lilikuwa tayari limefunguliwa nafasi. Gesi ya Mnazi Bay inayozalisha umeme iko hapa hapa kwetu, bomba limekwenda mpaka Dar es Salaam. Nilikuwa bado nalipanga jokofu, umeme ukakata. Mama mdogo akanipigia kuuliza maendeleo, na nyuma yake nikasikia feni inazunguka.

Sasa tunda. Bibi mzaa mama anakaa nyumba ya uani, na tangu nikiwa mdogo ananiita mume wangu, kama wafanyavyo bibi zetu. Alinikuta nimekaa kwenye kinu kilichopinduliwa, nawaza aprikoti.

"Mume wangu, umenuna nini?"

"Natafuta tunda, mke wangu. La kuweka ndani ya brauni."

"Tunda? Na mabibo yanaoza nyuma ya choo?"

Mkorosho wa nyuma ya choo ni wa bibi tangu enzi na enzi. Korosho tunaokota, mabibo tunayaacha. Bibo lina vitamini C kuliko chungwa, mara kadhaa, lakini likidondoka asubuhi, kesho yake linaanza kunuka. Halisafiri, halihifadhiki, na ukilitafuna likiwa bichi linakubana ulimi mpaka unaongea kwa kitembe. Kwa hiyo mengi huishia kwa mbuzi, au huishia kwenye mtungi na kuwa uraka, pombe ya mabibo. Bibi alikuwa na njia ya tatu. Aliyakata vipande, akayachemsha kwenye maji ya chumvi, akayamwaga maji, akarudia tena. Ukakasi wote ukatoka. Akatia sukari kidogo, ndimu na vijiti vya mdalasini, akaacha yatokote taratibu juu ya mkaa mpaka yakawa jamu ya rangi ya dhahabu. Nilionja kwa ncha ya kijiko. Harufu ya bibo ilikuwepo yote, ule utamu wa msituni, na ulimi wangu haukubanwa. Nikaonja tena kwa kijiko kizima. Kweli, aprikoti ya Palmer House ingekaa pembeni.

Mabibo yaliyozidi alikuwa ameyakamua, maji yake yapo kwenye sufuria, yamefunikwa na ungo. Ile sufuria ninaitaja kwa sababu bado tutakutana nayo.

Nikaoka brauni. Oveni yangu inataka umeme, kwa hiyo nikarudi kwenye oveni ya mababu: sufuria kubwa, mchanga chini, mfuniko wa bati, makaa juu ya bati. Chokoleti nikaipasha juu ya maji ya moto. Mtoto wa jirani, ambaye alikuja kusaidia na hakuombwa, akafunua sufuria ya pembeni kuchungulia, mvuke ukapaa, tone moja la maji likaingia kwenye chokoleti yangu. Tone moja. Chokoleti iliyoyeyuka inavumilia mambo mengi, ila maji kidogo hapana. Sukari na unga wa kakao vilivyomo hudaka yale maji na kushikamana. Mbele ya macho yangu kitu kilichokuwa kinatiririka kikawa udongo wa kufinyangia. Mtoto akanyoosha kidole: "Anko, imekufa."

Haikufa. Chokoleti iliyoshikana haifai kuchovyea tena, lakini kwenye rojo la brauni inafaa kabisa. Niliitupia humo na siagi na mayai na korosho za kukaanga, ikaiva vizuri sana. Iliyobaki nikaifunika kwa kitambaa, nikamfukuza mtoto, akahamia dirishani.

Usiku ule bibi hakuwa na usingizi. Mimi nililala.

Asubuhi nikaikuta jamu imelegea, laini, inachoteka vizuri kuliko jana. Pembeni ya bakuli palikuwa na vipovu vidogo. "Ni hewa ya kukoroga," bibi akasema, kabla sijauliza. Bibi amepika miaka mingi kuliko niliyoishi. Ukiambiwa ni hewa ya kukoroga, ni hewa ya kukoroga.

Kazi yenyewe inafanyika hivi. Brauni unaivunjavunja, unachukua donge la saizi ya limau, unalibonyeza kwa kidole gumba mpaka linakuwa na kishimo. Ndani ya kishimo unadondosha nusu kijiko cha mabibo. Unafumba mdomo wa kishimo, unaviringisha kiganjani, unapanga. Ya kwanza ilivuja, ya pili ilivuja, baadaye mkono unazoea. Barafu nikaipata feri kwa mama mmoja muuza samaki, pamoja na deli lake la kuazima. Nikaweka sinia juu ya barafu, nikachoma kila donge kwa uma, nikalizamisha kwenye chokoleti, nikaligonga gonga pembeni ya bakuli ili la ziada lidondoke, nikalilaza kwenye sinia. Na pale juu ya barafu ya samaki, kwa mwanga wa tochi ya simu, chokoleti ikashika. Ikang'aa. Niliona tochi yangu juu yake, duara dogo jeupe, kama kwenye video.

Nikapiga picha, nikamtumia dada. Akanirudishia mioyo mingi, nikashindwa kuhesabu.

Ningependa kusema kwamba zilinukia chokoleti. Zilinukia chokoleti na jodari. Deli la muuza samaki unaweza kulisugua kwa sabuni, kwa ndimu, kwa majivu. Jodari aliyewahi kulala humo hahami. Bibi alinusa, akasema ni harufu ya bahari, wageni watapenda.

Jumamosi alasiri nikapakia deli kwenye bajaji. Mikindani haiko mbali, kilomita 10 na kitu, barabara inazunguka pembezoni mwa ghuba na upepo unaingia vizuri. Ndiko alikoanzia David Livingstone safari yake ya mwisho mwaka 1866, akiwa na ngamia, nyati, nyumbu na punda, na wengi wa wale wanyama walimfia njiani. Namwelewa. Ila yeye alikuwa anajua mizigo yake ni ya kitu gani.

Tulikuwa tumeshatoka mjini niliposikia "pu!"

Dereva akasimama, akashuka, akazunguka bajaji, akabonyeza tairi moja moja. Zote nzima. Tukaondoka.

"Pu!"

Akasimama tena. Safari hii hakushuka, aligeuza shingo polepole.

"Broo, umebeba nini?"

"Keki."

"Keki hazipigi kelele."

Nikafungua deli. Nilitazama kwa karibu, pua karibu iguse barafu. Brauni ya kwanza kulia ilikuwa na ufa mwembamba, umeanzia juu umeteremka mpaka kiunoni, na ndani ya ufa kulikuwa na povu. Povu lile lilichungulia. Likasita kidogo. Likatoka, na nyuma yake mabibo yakafuata. Jirani yake alikuwa mzima, lakini juu yake chokoleti ilikuwa imevimba upande mmoja. Nikafunga deli haraka ili baridi isitoke, nikakaa juu yake. Dereva alitembea mwendo wa kubeba mgonjwa mpaka tukafika.

Shughuli ilikuwa kwa shangazi wa bwana harusi, nyumba ya zamani yenye kuta nene na mlango wa kuchonga. Kicheni pati hakuna mwanamume anayevuka kizingiti, hata aliyeoka. Mlangoni alinipokea msichana aliyevaa nyeupe na dhahabu. Nyuma yake nikaona wengine, wote nyeupe na dhahabu. Dada alikuwa ameagiza sare. Madera meupe, vilemba vya dhahabu, vitambaa vya meza vyeupe vya kukodi. Sikuwa nimeambiwa rangi ya sare. Ningeambiwa, kazi ningeikataa, maana kila mtoto wa Mtwara anajua: doa la bibo kwenye nguo nyeupe halitoki. Mama yako anakuchapa, anafua, anakuchapa tena, doa liko palepale mpaka nguo inageuzwa tambara.

"Zitoeni kwenye barafu wakati wa kula tu," nikamwambia yule msichana. "Sio kabla."

"Sawa kaka," akasema, na nikamwona anazibeba moja kwa moja kwenye meza kuu, chini ya taa za kamera.

Basi nikakaa barazani na dereva, pamoja na mzee mmoja aliyekuwa anacheza bao peke yake, upande huu halafu upande ule, na alikuwa anajiibia. Tukawa tunasikiliza kwa ndani. Taarabu. Kungwi anafunda, sauti nzito ya mwanamke aliyefunda wengi. Vicheko vya mambo ambayo wanaume hatutakiwi kuyasikia, dereva akawa anavuta kiti karibu na dirisha, mzee akamrudisha kwa kumtazama tu. Joto lilikuwa kali. Ndani, wanawake karibu 80 wanacheza kwenye chumba chenye madirisha mawili. Nilijua kinachoendelea mezani bila kuona: chokoleti inalainika kwa nje, gesi inakua kwa ndani.

Mshehereshaji akatangaza: sasa bi harusi atamlisha mama mkwe wake brauni ya mapenzi. Vigelegele vikaanza.

Halafu kigelegele kikakatika katikati.

Nimehudhuria shughuli nyingi. Nimesikia vigelegele vikichelewa, vikigombana, vikizidiwa na spika. Kukatika katikati, ulimi ukiwa bado unacheza, sikuwahi. Muziki nao ukazimwa. Kisha, katika ule ukimya, nikasikia kwa masikio yangu kutoka mezani: pu. Kimya. Pu, pu. Mtu akapiga yowe. Pu.

Nilivyosimuliwa baadaye, mama mkwe aliuma vizuri tu, kwa heshima, kwa meno ya mbele. Rojo halikutoka kwa adabu ya kwenye video. Lilipita pembeni ya shavu lake, likampita bi harusi begani, likatua kifuani kwa kungwi, kwenye dera jeupe jipya lenye bado mkunjo wa dukani. Wale wa meza ya mbele wakarudi nyuma, wale wa nyuma wakasogea mbele waone, wakakutana katikati, na meza kuu ikayumba. Brauni zikabingirika. Kila iliyogonga kitu ikapasuka.

Wakaleta ndimu na chumvi. Kila mtu alikuwa na dawa ya shangazi yake. Mmoja akaleta maziwa. Doa la bibo ukilisugua kwa ndimu linakubali, linalegea, linapata nafasi ya kutembea. Lililokuwa saizi ya shilingi likawa saizi ya sahani. Shughuli iliyoanza nyeupe na dhahabu ikabaki dhahabu.

Mlango wa kuchonga ukafunguliwa, akatoka kungwi. Mkono mmoja umeshika kifua cha dera, mwingine umeshika brauni kwa vidole viwili, mbali na mwili.

"Ni wewe uliyeleta hivi?"

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Nimekuuliza."

"Ni mimi, bibi."

Akaisogeza brauni puani. Akanusa, akafumba macho, akanusa tena kwa utulivu, mwanamke aliyekulia kwenye mikorosho. Dereva akateremka barazani akajifanya anakagua tairi zake, zile zile alizozikagua njiani.

"Hii ni uraka," akasema kungwi.

"Ni brauni, bibi. Ya matunda."

"Mwanangu, hii ni uraka imevaa koti."

Mzee wa bao akaacha kete hewani. "Uraka iko wapi?"

Ikatolewa hukumu papo hapo kwamba kitu kile hakirudi ndani ya nyumba ya Waislamu. Masinia yakaletwa barazani, yote, yakawekwa miguuni pangu, yanachuruzika. Kuna binti mmoja aliuliza kwa sauti ndogo kama haiwezekani mtu akala ile ya nje tu, chokoleti, akaacha ya ndani. Kungwi akamgeukia. Binti akawa hakuuliza.

Wakati wote huo mimi nilikuwa nafikiria kisayansi. Jamu yenye sukari ya kutosha haichachi, sukari inayafunga maji, chachu inakosa pa kuishi. Yetu ilikuwa na sukari kidogo kwa ajili ya afya ya mama mkwe, sawa. Lakini ilichemshwa, tena sana. Chachu yoyote iliyokuwemo ilikufa. Nyingine iliingia lini? Nikampigia bibi.

"Mke wangu, ile jamu uliigusa?"

"Si ilikuwa nzito, mume wangu? Nikailegeza."

"Kwa nini? Namaanisha, kwa kitu gani?"

"Kwa yale maji ya mabibo ya kwenye sufuria."

"Yale ya asubuhi? Yaliyoshinda juani?"

"Ulitaka niyamwage?"

Nilikaa kimya. Maji mabichi ya mabibo, kutwa nzima chini ya ungo, Mtwara, Novemba: pale haikuwa maji tena, ilikuwa uraka changa, na kila tone lilikuwa na chachu hai iliyokuwa inasubiri sukari. Bibi aliipa sukari. Mimi nikaifungia kila moja kwenye chumba chake, nikaipaka chokoleti isiyopitisha hewa, nikaiwekea ulinzi wa barafu. Viwanda vya peremende vinaliogopa jambo hilo: kiini kikichacha ndani ya ganda la chokoleti, ganda linapasuka. Sisi tulilipeleka kwa bajaji.

"Kwani zimeharibika?" bibi akauliza.

"Zimepasuka, bibi. Kwenye nguo za watu."

"Basi zilikuwa tayari," akasema, akakata simu.

Sitaeleza sana habari za jioni ile. Dada alilia kidogo, halafu akatazama video aliyorekodi mpiga picha, akaona sura ya mshehereshaji wakati ile ya pili inapasuka, akacheka mpaka kope za bandia zikamtoka. Mama mkwe, na hili nimelithibitisha kwa watu zaidi ya mmoja, aliuliza kwa siri kama ile aliyouma imeokotwa, maana hakuwahi kuimaliza.

Jumapili mama mdogo, ambaye alikuja kwa basi la usiku, akakaa uani kwetu na daftari. Malipo yangu ya brauni 150 akayaandika juu. Akaanza kutoa. Dera la kungwi. Madera ya meza ya mbele. Vitambaa vya meza vya kukodi, ambavyo mwenyewe alikataa kuvipokea, akasema sasa ni mali yetu. Sabuni. Ndimu, chumvi na maziwa. Alipofika chini akakuta tayari mimi ndiye ninayedaiwa, na bado hajaandika chokoleti yenye ndala.

"Mwanangu," akasema, "utalipa kwa keki."

Nilikuwa nataka kumweleza habari ya chachu, na nani aliyeiweka, bibi akiwa amekaa pale pale anachambua mchele bila hata kuinua macho, ndipo bajaji ikasimama nje. Ni yule dereva. Nyuma amewabeba watu watatu, katikati yao yule mzee wa bao kutoka Mikindani, amevaa kanzu yake safi na koti juu. Wakasalimia vizuri, wakakaribishwa, wakakalia mkeka. Wakauliza hali za nyumbani, wakauliza mvua, wakauliza bei ya korosho mnada uliopita. Mzee akakohoa.

"Tumekuja kuhusu ule mzigo wa jana," akasema. "Tulikuwa tunauliza kama kuna uliobaki."

Nikafungua mdomo niseme hapana.

Bibi akaweka ungo wa mchele chini, akasimama, akaingia chumbani kwake. Tukasikia kitu kizito kinaburuzwa kutoka chini ya kitanda, na kifuniko kinafunguliwa, na ile pumzi ndefu ya kitu kilichokuwa kimefungiwa. Kichwa chake kikatokeza mlangoni.

"Mnataka ya chokoleti," akauliza, "au isiyo na chokoleti?"

Mama mdogo akafungua ukurasa mpya wa daftari, na mimi nikatumwa kuosha glasi.